Sura ya Saba: Dawa Isiyoandikwa Kwenye Cheti

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, ndugu huingia wodini na mizigo yao: chupa ya chai, bakuli la uji wa lishe, machungwa, kanga safi ya kubadilishia. Mama amelala, mdomo umepinda, mkono wa kulia hausogei, maneno hayatoki. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Binti anamwinua kichwa, anachota kijiko cha uji, anapuliza, anamnywesha. Mama anakohoa kidogo, au hakohoi kabisa. Anaongezwa cha pili. Siku ya tatu homa inapanda, kifua kinakoroma, na siku ya tano familia inaambiwa kuwa mgonjwa amepata nimonia. Msibani watu watasema kiharusi kimemchukua. Mara nyingi kilichommaliza ni uji ulioingia mapafuni.

Binti hana lawama. Hakuna aliyemwambia kwamba kiharusi kinaweza kupooza koo kama kinavyopooza mkono. Kumeza tunakofanya mamia ya mara kwa siku bila kufikiri ni kazi ya makumi ya misuli inayopokezana kwa sekunde moja au mbili: ulimi unasukuma, koo linapanda, kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa, chakula kinateremka. Anayeongoza kazi yote hiyo ni ubongo. Sehemu yake ikikosa damu, mpangilio unavurugika. Mtu mzima mwenye afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yamtoke, na kikohozi hicho ndicho mlinzi wake. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa kimya kimya, uji ukashuka mapafuni bila yeye kushtuka wala aliye kando yake kugundua. Katika siku za mwanzo tatizo la kumeza huwapata zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa, na vipimo vya kina zaidi vikitumika idadi hupita theluthi mbili.

Kuligundua hakuhitaji mashine. Muuguzi aliyefundishwa anamketisha mgonjwa wima na kuhakikisha yuko macho na anafuata maelekezo. Anamtazama mdomo: je, mate yanachuruzika upande mmoja? Anamwambia akohoe. Anamsafisha kinywa, kisha anampa kijiko kimoja cha maji huku vidole vyake vikigusa koo kwa mbele, asikie kama linapanda na kushuka. Anasubiri. Anamwomba aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua, maji hayakwenda yalikotakiwa. Kikohozi, pumzi kubadilika, au maji kubaki mdomoni ni dalili hizohizo. Vijiko kadhaa vikipita salama, anajaribu kikombe. Visipopita salama, linawekwa tangazo kitandani kwamba mgonjwa asipewe chochote kwa mdomo, hata vidonge vya presha, mpaka apimwe zaidi. Akiendelea kushindwa, atalishwa kwa mpira wa puani. Shughuli nzima huchukua dakika chache, na vifaa vyake ni kijiko, kikombe na maji.

Sura hii inahusu kazi za namna hiyo. Tumezoea kuziita huduma na kuzihesabu upande wa huruma, mbali na dawa na upasuaji. Lakini watafiti walipozipima kama dawa zinavyopimwa, walikuta nyingine zina nguvu kuliko vidonge vingi, nyingine hazibadilishi kitu, na nyingine zikizidishwa zinadhuru. Uuguzi wa mgonjwa wa ubongo una dozi.

Wodi bila mashine mpya

Kiharusi hutokea mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Kwa aliyezibiwa mshipa, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inafaa hasa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Wagonjwa wetu wengi hufika saa hizo zimeshapita, au hufika mahali pasipo na CT. Hapo ndipo familia huambiwa "hakuna cha kufanya", na kauli hiyo si kweli.

Mwaka 1993 Peter Langhorne wa Glasgow na wenzake walikusanya majaribio yaliyolinganisha wagonjwa wa kiharusi waliolazwa katika wodi yao maalumu na waliotawanywa katika wodi za kawaida. Walioko katika wodi maalumu walikufa wachache zaidi. Muungano wa watafiti uliendelea kukusanya ushahidi kwa miaka mingi, na jibu limebaki lilelile: kwa kila wagonjwa 100 wanaotunzwa katika wodi ya kiharusi, wawili zaidi hunusurika na sita zaidi hurudi kujitegemea. Faida hiyo haichagui wazee wala vijana, wanaume wala wanawake, kiharusi chepesi wala kizito.

Kilichofanya kazi humo si chombo kipya. Ni watu: wauguzi, madaktari, wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa kumeza na kuzungumza, wote wanaoujua ugonjwa mmoja, wanaokutana kila wiki kujadili kila mgonjwa, na wanaowahi matatizo kabla hayajakomaa. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: katika yote yanayofanywa ndani ya wodi hiyo, ni lipi hasa linalookoa?

Hospitali 19 za New South Wales

Muuguzi mtafiti wa Australia, Sandy Middleton, alianza na mambo matatu yanayompata mgonjwa wa kiharusi katika siku za mwanzo na yaliyo mikononi mwa muuguzi: homa, sukari na kumeza.

Sababu za kuyachagua zinaeleweka. Mshipa ukiziba, kiini cha eneo lililokosa damu hufa haraka, lakini pembezoni mwake kuna eneo linaloendelea kupata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Ni kama shamba ambalo mfereji wake mkubwa umezibwa na linasubiria maji ya kuvuja: jua likizidi, mimea ya pembeni nayo inanyauka. Homa huongeza mahitaji ya oksijeni ya seli hizo zilizo taabani. Sukari ikipanda, hata kwa mtu asiye na kisukari, huzidisha asidi na uharibifu. Nimonia inayoletwa na kupaliwa huleta homa, na mambo yote matatu huishia kukutana.

Utaratibu wenyewe unaandikika kwenye ukurasa mmoja. Kwa saa 72 za kwanza, joto la mwili lipimwe kila baada ya saa nne, na likifika nyuzi 37.5 mgonjwa apewe parasetamoli, bila kungoja homa kali. Sukari ipimwe mara kwa mara kwa tone la damu la kidoleni, na ikipanda kupita kiwango kilichowekwa ishushwe kwa insulini. Asile wala asinywe kabla ya kupimwa kumeza, na kipimo hicho kifanyike ndani ya saa 24.

Wodi za kiharusi za hospitali 19 katika jimbo la New South Wales ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa muhtasari wa miongozo iliyokuwepo tayari, basi. Kundi la pili lilipewa utaratibu huo pamoja na watu wa kuusimamia: warsha za kujadili vikwazo vya wodi husika, mafunzo, ziara, simu na ukumbusho. Wagonjwa waliotibiwa humo hawakuambiwa hospitali yao imo kundi gani, na siku 90 baadaye hali zao zilifuatiliwa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Katika hospitali zilizopewa muhtasari pekee, 58% ya wagonjwa walikuwa wamefariki au hawajarudia hali yao ya kujitegemea. Katika hospitali zilizosimamiwa, walikuwa 42%. Maana yake, kwa kila wagonjwa sita au saba waliotunzwa kwa utaratibu huo, mmoja zaidi aliepuka kifo au utegemezi. Dawa chache za magonjwa ya ubongo zinaweza kujivunia tarakimu kama hiyo. Walipofuatiliwa tena baada ya miaka kadhaa, wagonjwa wa kundi lililosimamiwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai.

Ndani ya ripoti hiyo imo tarakimu nyingine inayostahili kusomwa na kila mganga mkuu wa hospitali. Katika wodi zilizopewa karatasi tu, ni 7% ya wagonjwa waliopimwa kumeza ipasavyo. Katika zile zilizofundishwa na kufuatiliwa, walifika 46%. Karatasi zilikuwepo pande zote mbili. Hata baada ya jitihada zote hizo zaidi ya nusu hawakupimwa, na hii ni nchi tajiri, wodi zikiwa na watu wake. Anayedhani kwamba mwongozo wa wizara ukishabandikwa ukutani kazi imekwisha, ajibiwe na tarakimu hizo mbili.

Kuhesabu fahamu

Kabla ya hapo uuguzi wa ubongo ulikuwa umeshajifunza thamani ya kipimo rahisi. Hadi miaka ya 1970 faili za wagonjwa waliopoteza fahamu zilijaa maneno kama "amesinzia sana", "amelegea", "yuko nusu". Muuguzi wa usiku akisoma ya mwenzake wa mchana hakuweza kujua kama mgonjwa anaendelea vizuri au anazama, kwa kuwa "nusu" ya mmoja si "nusu" ya mwingine.

Mwaka 1974 madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walipendekeza kutazama mambo matatu peke yake: mgonjwa anafumbua macho kwa kichocheo gani, anajibu nini, na viungo vyake vinasogea vipi. Kila kimoja kina alama, macho hadi 4, maneno hadi 5, viungo hadi 6. Aliye macho kabisa ana 15; asiyeitikia chochote ana 3. Mgonjwa aliyekuwa na 14 saa mbili usiku akawa na 12 saa nne usiku anahitaji daktari aamshwe sasa hivi, kwani huenda damu inavuja au ubongo unavimba. Muuguzi wa zamu halazimiki tena kusema "naona kama amebadilika" na kuogopa kukaripiwa kwa kumwamsha daktari bure. Anataja namba.

Watoto wadogo wenye malaria ya ubongo hawakutosha kwenye kipimo hicho, maana mtoto asiyejua kusema hawezi kupewa alama za maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Malcolm Molyneux na Terrie Taylor, waliokuwa wakifanya kazi Blantyre, Malawi, walitengeneza kipimo kifupi cha alama 0 hadi 5, kinachotazama kilio cha mtoto mahali pa maneno. Kilizaliwa wodini Afrika kwa sababu ya mgonjwa wa Afrika, kikasambaa kokote malaria inakoua watoto.

Nia njema ikipimwa

Utafiti wa uuguzi una ujasiri wa aina yake: unagusa mambo ambayo kila mtu anaamini tayari anayajua. Mfano ni kumwamsha mgonjwa kitandani. Kila anayetunza wagonjwa anajua hatari ya kulala sana: damu kuganda miguuni, kifua kujaa, misuli kusinyaa. Ikaonekana dhahiri kwamba mgonjwa wa kiharusi akiwahiwa kuinuliwa na kutembezwa mara nyingi zaidi, atapona vizuri zaidi.

Mtaalamu wa viungo Julie Bernhardt wa Melbourne aliongoza jaribio la wagonjwa 2,104 katika nchi tano, Malaysia na Singapore zikiwemo. Nusu waliinuliwa mapema ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi ya nje ya kitanda mara sita au zaidi kwa siku. Wengine walipata huduma ya kawaida, karibu mara tatu. Mwaka 2015 majibu yalitoka kinyume cha matarajio: miezi mitatu baadaye, waliokuwa wamepona vizuri ni 46% ya walioshughulishwa sana, na 50% ya walioachiwa mwendo wa kawaida. Uchambuzi uliofuata ulionyesha njia ya kati: vipindi vifupi vifupi vilihusiana na matokeo mazuri kuliko vipindi virefu. Dozi, kama ya kidonge.

Miaka miwili baadaye likaja jambo la mto. Wodi nyingine humlaza mgonjwa wa kiharusi chali bila mto ili damu ifike ubongoni. Nyingine humwinua kichwa ili asipaliwe. Kila upande una mantiki yake, na wauguzi wamebishana miaka mingi. Jaribio la wagonjwa 11,093 katika hospitali 114 za nchi 9 liliwalaza nusu chali kwa saa 24 na kuwainua wengine nyuzi 30 au zaidi. Ulemavu ulikuwa sawa pande zote, na nimonia pia. Jibu la "hakuna tofauti" si hasara. Linamwachia muuguzi uhuru wa kumlaza mgonjwa anavyopumua vizuri, na linaokoa nguvu zilizokuwa zikipotea kwenye ubishi.

Baada ya ruhusa

Huku kwetu sehemu kubwa ya uuguzi huu hufanyika nje ya hospitali. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliandikisha kila aliyepatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika maeneo mawili ya Tanzania: wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya Dar es Salaam. Walipolinganisha kwa kuzingatia umri, walikuta kesi 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 Hai, na 315.9 Dar es Salaam, kiwango cha juu kuliko cha nchi nyingi tajiri, huku presha isiyotibiwa ikiwa miongoni mwa sababu kuu.

Wale wa Hai walifuatiliwa. Karibu robo walifariki ndani ya siku 28. Baada ya miaka mitatu, waliofariki walifika 60%. Tarakimu ya pili ndiyo inayopaswa kutukosesha usingizi: wengi walikufa baada ya hatari ya mwanzo kupita, nyumbani, mikononi mwa mke, binti au mkwe, kwa vidonda vya kulalia, nimonia, kiharusi cha pili, au kwa kuishiwa nguvu taratibu.

Je, suluhisho ni kuwafundisha ndugu kazi ya mazoezi? Hospitali 14 za India zilijaribu hivyo kwa wagonjwa 1,250: mwanafamilia alifundishwa kabla ya ruhusa namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani, akafuatiliwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalikatisha tamaa. Miezi sita baadaye, 47% walikuwa wamefariki au ni tegemezi katika kundi lililofundishwa, na 47% katika kundi lisilofundishwa. Upendo wa familia na masomo ya muda mfupi havikufidia mtaalamu asiyekuwepo. Serikali inayotaka kupunguza gharama kwa kumtwisha binti wa nyumbani kazi ya timu nzima inapaswa kuisoma ripoti hiyo kwanza.

Hata hivyo, mlezi wa nyumbani anaweza kuzuia madhara mengi akielekezwa kwa vitendo. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua mgonjwa: misuli inayoshikilia bega imelegea, na mvuto mmoja unaweza kulitegua na kuleta maumivu ya miezi. Mwinue kwa kumshika kiunoni na mgongoni. Akikaa, mkono huo upumzike juu ya mto, usining'inie. Kinywa kisafishwe kila siku hata kama hali kwa mdomo, kwa sababu wadudu wa kinywa kichafu hushuka mapafuni pamoja na mate. Akilishwa, aketi wima na abaki hivyo kwa muda baada ya kula, na kijiko cha pili kingoje cha kwanza kimezwe. Anayetazama upande mmoja tu wa chumba na kuacha nusu ya sahani hajawa mkaidi: ubongo wake umeusahau upande wa pili, akumbushwe kwa kuguswa na kuitwa kutoka huko. Anayelia ghafla bila sababu, au aliyekoma kuongea na watu, apelekwe kliniki kama angepelekwa kwa homa, maana sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida na inatibika. Na vidonge vya presha havikomi siku anapojisikia nafuu.

Kugeuza mgonjwa ni mfano mzuri wa mpaka wa tunayoyajua. Tumefundishwa vizazi vyote kumgeuza kila baada ya saa mbili. Utafiti wa Marekani na Kanada kwa wazee zaidi ya 900 waliokuwa katika hatari ya vidonda ulikuta kwamba saa mbili, tatu au nne zilileta matokeo yaleyale. Lakini wazee hao walilala juu ya magodoro mazito yaliyotengenezwa kupunguza mgandamizo. Mgonjwa wa Kigamboni au Malindi analala juu ya sponji iliyobonyea katikati, kwenye joto, jasho likilowesha shuka. Asichukue ruhusa ya saa nne kutoka kwenye godoro ambalo hana. Kwake saa mbili zinabaki, na ngozi ikibaki nyekundu au kuwa nyeusi zaidi na ngumu pale mfupa unapogusa, hata saa mbili ni nyingi.

Maswali ya aina hiyo hayawezi kujibiwa Sydney. Muuguzi mmoja wa usiku mwenye wodi nzima, vifaa vya kupima sukari vikiwa vichache, ampime nani kwanza na mara ngapi? Ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa anaweza kufundishwa kutambua sauti ya majimaji, au mafunzo hayo yatampa uhakika wa uongo? Uji mzito kiasi gani ni salama kuliko chai? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita nyumbani na mashine ya presha kila mwezi, wangapi zaidi wangeuona mwaka wa tatu? Yote yanapimika kwa saa ya ukutani, kipimajoto, daftari na mtu aliyeruhusiwa muda wa kuyaandika. Muuguzi aliye zamu ndiye anayeyajua maswali. Kinachokosekana ni hospitali kuona kwamba kuyajibu ni sehemu ya kazi yake, na kumlipa kwa hilo.